Hesabu Ndefu ya Kasa

Oktoba 2025, katika mkutano wa dunia wa uhifadhi uliofanyika Abu Dhabi, ilitolewa habari ambayo watu wengi waliopigania viumbe wa baharini hawakutarajia kuisikia katika uhai wao. Kasa wa kijani, yule ambaye watu wa pwani wakisema "kasa" tu humkusudia yeye, ameondolewa katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka duniani. IUCN, umoja wa kimataifa unaotunza orodha hiyo, ulieleza kuwa idadi yake imeongezeka kwa takriban asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Kiumbe aliyekuwa akihesabiwa miongoni mwa wanaopotea sasa amewekwa miongoni mwa wasiotia wasiwasi mkubwa.

Ni habari ya kushangilia, lakini inataka kusomwa kwa makini. Ng'amba, jamaa yake mwenye mdomo uliopinda kama wa mwewe, bado yuko katika daraja la juu kabisa la hatari. Na hata huyo kasa wa kijani hakupona kila mahali, maana takwimu ya dunia nzima huchanganya fukwe zilizofufuka na fukwe zilizonyamaza. Kwa sisi tunaoishi kuanzia Kiunga hadi Msimbati, swali la maana ni hili: pale walipopona, waliponaje? Na pale wanapoendelea kufa, wanafia wapi?

Jibu langu ni moja, na yote yatakayofuata yanalizunguka. Tumezoea kumwokoa kasa ufukweni, kwenye mayai, ambako kazi yetu inaonekana na kupigwa picha. Lakini hatima yake huamuliwa baharini, kwenye wavu, tena kwa hesabu ya miaka 30 au zaidi. Asiyeishika hesabu hiyo atawapungia mkono watoto wa kasa wakiingia majini kila msimu, huku mama zao wakiisha nyuma ya mgongo wake.

Watano wa bahari yetu

Duniani kuna aina saba za kasa wa baharini, na tano kati yao huonekana katika Bahari ya Hindi ya magharibi. Kasa wa kijani ndiye tunayemwona zaidi. Jina la "kijani" limetokana na rangi ya mafuta yaliyo chini ya gamba lake, kwani gamba lenyewe mara nyingi lina rangi ya kahawia. Akiwa mdogo hula karibu kila anachokikuta. Akikua hugeuka mla majani, akawa analisha kwenye nyasi za baharini kama ng'ombe mbugani.

Ng'amba hukaa mwambani. Mdomo wake mwembamba umeumbwa kuingia kwenye nyufa za matumbawe na kung'oa sifongo, na kwa kula sifongo huyapa matumbawe nafasi ya kukua. Duvi ana kichwa kikubwa na taya za kuvunjia kombe na kaa. Wa nne ni mdogo wao, mwenye rangi ya zeituni, ambaye kwetu haonekani mara nyingi. Wa tano ni noa, mkubwa kuliko wote. Huyu hana gamba gumu: mgongo wake umefunikwa ngozi nene kama mpira. Aliyekuwa mzito kuliko wote waliowahi kupimwa alipita kilo 900. Noa hupiga mbizi kupita mita 1,000, na mwili huo wote hulelewa na chakula kilichojaa maji, yaani yavuyavu.

Kati ya hao, wanaotaga kwa wingi katika fukwe za Kenya na Tanzania ni kasa wa kijani. Ng'amba hutaga kwa uchache. Waliobaki kwa kawaida huja kula au kupita njia tu.

Mtu akiuliza kasa ana faida gani, mpeleke kwa mvuvi wa madema. Dema hutegwa kwenye nyasi za baharini kwa sababu ndiko tasi na pono wanakokula na kukulia. Kasa anapolisha hukata majani makuukuu, nyasi zikachipua majani mapya laini, na kinyesi chake kikawa mbolea ya uwanda huo. Malisho ya kasa na kitoweo cha mvuvi ni shamba moja. Huko ndiko wanakoishi pamoja, na ndiko pia wanakogombana.

Usiku mmoja wa kutaga

Tuanzie ufukweni, mahali ambapo binadamu anaweza kumwona kasa kwa karibu. Maji yamejaa, ni usiku, upepo umetulia. Jike hutoka kwenye mawimbi polepole, akijivuta kwa mapezi ya mbele, akiacha nyuma yake alama pana mchangani kama za gurudumu la trekta. Kila baada ya hatua chache husimama na kushusha pumzi nzito inayosikika mbali. Baharini maji humbeba, lakini huku juu anaubeba mwili wake mwenyewe, nao waweza kupita kilo 100. Taa ikiwaka au mtu akitembea mbele yake, mara nyingi hugeuza na kurudi majini bila kutaga.

Akiridhika na mahali, hutawanya mchanga mpaka mwili wake ukazama kidogo. Kisha huanza kazi ya ajabu. Mapezi ya nyuma, ambayo hawezi hata kuyaona, huchota mchanga kwa zamu: moja huinama kama kiganja, huchota, huinua na kuumwaga pembeni, kisha la pili hufuata. Shimo linalotoka lina umbo la mtungi, mdomo mwembamba na tumbo pana. Humo hudondosha mayai zaidi ya mia, meupe, ya mviringo, yenye ganda laini linalobonyea bila kupasuka. Wakati huo machozi mazito humtiririka. Wazee walisema analia kwa uchungu. Wanasayansi wanaeleza kuwa ni tezi zilizo karibu na macho zikitoa chumvi ya ziada aliyoinywa baharini. Akimaliza hufukia, hushindilia, hutupa mchanga huku na huku ili kuficha mahali penyewe, kisha hurudi majini. Hatawaona wanawe kamwe.

Mayai hukaa mchangani kwa takriban miezi miwili. Joto la mchanga ndilo linaloamua nani awe dume na nani awe jike. Kiwango cha kati ni karibu nyuzi 29 za Selsiasi: mchanga ukiwa baridi zaidi ya hapo hutoka madume wengi, ukiwa moto zaidi hutoka majike wengi. Wakianguliwa, watoto hupanda pamoja wakisukumana, wengi wao usiku mchanga ukishapoa, kisha hukimbilia upande wenye mwanga zaidi. Kwa mamilioni ya miaka upande huo ulikuwa upeo wa bahari. Kaa huwangoja mchangani, ndege angani, na samaki kwenye maji mafupi.

Waliosalimika hupotelea bahari kuu kwa miaka kadhaa, wakielea na mikondo. Baadaye hurudi karibu na pwani wakiwa na ukubwa wa sahani ya chakula, wakaanza kulisha. Kasa wa kijani huchukua miaka 25 hadi 50 kupevuka. Ndipo jike husafiri mamia au maelfu ya kilomita kurudi eneo alikozaliwa, akiongozwa na usumaku wa dunia, kwa sababu kila sehemu ya pwani ina alama yake ya usumaku na yeye huihifadhi tangu utotoni.

Hesabu inayoamua

Sasa tufanye hesabu, kwa mfano tu. Jike hutaga mayai kama 110 kwa shimo moja. Msimu mmoja huweza kutaga mara nne, akipumzika wiki mbili hivi kati ya shimo moja na jingine. Kisha hupumzika miaka miwili, mitatu au zaidi kabla ya kutaga tena. Tuseme anataga kila baada ya miaka mitatu kwa muda wa miaka 20, yaani misimu saba. Jumla ni mayai 3,080. Makadirio yanayotumika sana yanasema katika watoto 1,000 ni mmoja tu atakayefika utu uzima. Kwa hiyo maisha yake yote ya kutaga yanaacha kasa waliopevuka watatu, na kati yao majike labda mmoja au wawili.

Itazame hesabu hiyo vizuri. Mama wa mayai elfu tatu ameweza tu kujaza nafasi yake, na kidogo juu yake. Akinaswa na wavu baada ya msimu wake wa kwanza, atakuwa ameacha mayai 440, ambayo kwa kipimo hicho hayafikishi hata mrithi mmoja. Na akifa akiwa na miaka 20, bado hajataga hata mara moja, miaka yote ile ya kuwakwepa kaa na papa imepotea bure.

Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1987, pale Deborah Crouse, Larry Crowder na Hal Caswell walipochapisha uchambuzi wao kuhusu duvi wa kusini mashariki mwa Marekani. Walijiuliza: tukilinda kila yai lililotagwa, je, idadi ya kasa itaacha kushuka? Hesabu ilijibu kuwa haitatosha. Kupunguza vifo vya kasa wakubwa ambao bado hawajapevuka kulikuwa na nguvu kuliko kulinda mayai yote. Tangu hapo macho yalihamia kwenye meli za kuvua kamba, ambazo nyavu zao zilikuwa zikiwazamisha kasa kwa maelfu. Kikatumika kifaa rahisi: fremu ya chuma iliyoshonwa ndani ya wavu ambayo hupitisha kamba na kumtoa kasa kwenye tundu la pembeni. Mwaka 1989 Marekani ilipitisha sheria ya kukataa kamba kutoka nchi ambazo meli zake hazimkingi kasa.

Huu si ushahidi wa kuacha kulinda mayai. Ufukwe ukinyang'anywa mayai yote kwa miaka 30, baharini hatabaki wa kuokolewa. Maana yake ni kwamba kulinda mayai bila kulinda waliokua ni kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka.

Historia ndefu ya kumtamani

Pwani yetu ilijulikana kwa kasa kabla hata ya kujulikana kwa karafuu. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki kiitwacho Periplus cha Bahari ya Erithrea, cha karne ya 1 baada ya Kristo, kinataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa za Rhapta, soko lililokuwa katika pwani hii. Kinataja pia kisiwa cha Menuthias, ambacho watu wake waliwavua kasa kwa matenga yaliyofungwa kwenye mikondo ya maji. Wavuvi wa hapa walikuwa na ufundi mwingine pia: walimfunga kamba mkiani samaki aitwaye chazo, mwenye kibandiko kichwani, wakamwachia ajibandike kwenye gamba la kasa, kisha wakamvuta taratibu mpaka chomboni.

Aliyeteswa zaidi na biashara ni ng'amba. Magamba yake yenye mawimbi ya rangi ya asali na kahawia yalitengenezewa vitana, visanduku, vipini na mapambo, na kwa karne nyingi yalipita Zanzibar na Lamu kwenda Arabuni, Bara Hindi, Ulaya na Mashariki ya Mbali. Wakati mahitaji yalikuwa madogo na vyombo ni vya tanga, bahari ilistahimili. Karne ya 20 ilileta injini, nyavu za nailoni na masoko makubwa. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe huchukua miongo kadhaa kukua.

Mlango ulianza kufungwa katika miaka ya 1970, pale mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, ulipoanza kazi. Japani, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa magamba ya ng'amba, ilisimamisha kuyaingiza mwishoni mwa mwaka 1992. Shelisheli ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1994, na mwaka 1998 ikateketeza kwa moto shehena ya magamba iliyokuwa imeinunua kutoka kwa mafundi wake ili waachane na kazi hiyo. Leo kumwua kasa ni kosa kwa sheria za Kenya na za Tanzania. Biashara kubwa ya wazi imekwisha. Kifo kimebaki, kimebadilisha tu mahali.

Jarife

Mahali hapo pana jina ambalo kila mvuvi analijua: jarife. Ni wavu wenye macho makubwa na nyuzi nene, unaotegwa chini kwa ajili ya papa na taa. Hutegwa jioni na kuachwa usiku kucha, kisha hupandishwa asubuhi. Mara nyingi hutegwa palepale kwenye nyasi au kando ya mwamba, yaani kwenye meza ya kasa.

Kasa ana mapafu kama sisi. Akipumzika anaweza kukaa chini kwa saa kadhaa, lakini akinaswa hupigana, na anayepigana humaliza pumzi upesi. Jarife likipandishwa alfajiri, mvuvi hukuta mapezi yamezungushiwa nyuzi mara tatu au nne, shingo imevutwa pembeni, mzigo umelegea. Hapo mvuvi ana mambo mawili mbele yake. Wavu wake umechanika, na siku nzima ya kushona inamsubiri. Na nyama nyingi iko chomboni, nyama ambayo mnunuzi hakosekani. Hakutoka nyumbani kuwinda kasa. Lakini kasa amekwisha kufa, nyumbani kunasubiri unga, na akiitupa maiti baharini hakuna aliyenufaika.

Hapa ndipo sheria huishiwa nguvu. Inaweza kumwadhibu anayeua kwa kukusudia. Wavu hauna kusudi. Wavu huohuo ndio uliomaliza nguva, mnyama ambaye leo kumwona kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa ni bahati kubwa. Nguva ametangulia kutuonyesha njia hii inaishia wapi.

Ulinzi wa mwambao mmoja hautoshi

Kuna sababu nyingine inayofanya jarife la Kilwa au Lamu kuwa jambo la nchi nyingi. Kasa hataki pasipoti. Kasa waliovishwa alama au vifaa vya setilaiti walipokuwa wakitaga Aldabra, Komoro, Mayotte na visiwa vingine vya bahari yetu wameonekana baadaye wakilisha katika maji ya Tanzania na majirani zake. Duvi waliovishwa alama wakitaga kaskazini mwa KwaZulu-Natal, ambako Afrika Kusini imekuwa ikiwalinda tangu mwaka 1963, wamenaswa hata katika bahari ya Tanzania.

Aldabra ndiyo darasa letu kubwa. Katika karne ya 20 kisiwa hicho cha Shelisheli kilichinjiwa kasa mpaka karibu kikaishiwa. Ulinzi ulianza mwaka 1968, na mwaka 1982 kikaingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO. Watafiti akiwemo Jeanne Mortimer, aliyefika huko mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliendelea kuhesabu mashimo ya mayai mwaka baada ya mwaka. Leo mashimo hayo ni zaidi ya mara nne ya yale ya mwishoni mwa miaka ya 1960. Lakini ilichukua nusu karne. Miaka ya mwanzo ya ulinzi haikuonyesha mabadiliko makubwa, kwa sababu watoto waliolindwa walikuwa bado baharini wakikua. Aliyetaka matokeo ndani ya mradi wa miaka mitatu angesema kazi imeshindikana.

Jingine ni hili: mama wa Aldabra hutaga kwa wiki kadhaa, kisha hurudi malishoni, ambako hukaa miaka. Ikiwa malisho hayo ni pwani yetu, basi sehemu kubwa ya maisha yake iko mikononi mwetu. Shelisheli inaweza kulinda kitanda cha uzazi, sahani ya chakula ikawa kwetu.

Yanayofanya kazi, na mipaka yake

Katika kisiwa cha Juani, Mafia, shirika la Sea Sense lilianza mapema miaka ya 2000 kufanya kazi na wanakijiji. Anayeripoti shimo la mayai hupata malipo kidogo, na watoto wa kasa wakianguliwa salama hupata zaidi. Kati ya Juni na Septemba wageni huvuka kutazama watoto wakiingia majini, na sehemu ya fedha hubaki kijijini. Yai ambalo zamani lilikuwa na thamani siku moja tu, siku ya kuliwa, sasa lina thamani likibaki mchangani. Walinzi wenyewe ni watu wa hapohapo, wengi wao wakiujua ufukwe tangu utotoni. Hakuna askari wa kutoka mbali awezaye kuisoma alama ya kasa mchangani kama mtu aliyekua akiiona.

Watamu, nchini Kenya, walikwenda hatua moja mbele: walimfuata mvuvi. Shirika lililoanza mwaka 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch, ambalo leo linaitwa Local Ocean Conservation, lilipatana na wavuvi kwamba atakayemkuta kasa hai kwenye wavu wake apige simu. Timu huja, humpima kasa, humvisha alama, na akiwa mzima humrudisha kwenye hifadhi ya bahari. Mgonjwa hupelekwa kutibiwa, wakiwemo wanaoelea kwa sababu ya plastiki matumboni na wenye uvimbe wa ugonjwa wa virusi unaowasumbua kasa wa kijani. Mvuvi hupewa kiasi kidogo cha kumfidia muda na usumbufu. Kasa waliookolewa hivyo wamefika maelfu.

Wapo wanaosema malipo haya ni mabaya: mtu atawinda kasa ili alipwe, na mfadhili akiondoka kila kitu kitarudi kilipokuwa. Hoja ya kwanza hujibiwa na kiasi chenyewe. Kikiwa kidogo, hakilipi kazi ya kuwinda, hulipa tu uamuzi wa kutochinja. Hoja ya pili ina uzito, na inapaswa kutukumbusha kwamba fidia ni daraja, si nyumba. Maelfu ya kasa waliookolewa Watamu ni ushindi, na ni ushahidi pia kwamba nyavu bado zinanasa kasa kwa maelfu.

Kwa hiyo kazi kubwa imebaki kwenye wavu wenyewe. Kwanza, kuyatoa majarife katika malisho yanayojulikana, kwa makubaliano ya vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, na kwa kumsaidia mvuvi kupata zana nyingine badala ya kumnyang'anya aliyonayo. Pili, kufupisha muda wa wavu kukaa majini, maana anayenaswa saa moja kabla ya kupandishwa ana nafasi ya kuishi, anayenaswa jioni hana. Tatu, kujaribu taa ndogo za kijani kwenye nyavu: huko Peru ziliwapunguza kasa wa kijani wanaonaswa kwa zaidi ya nusu, bila kupunguza samaki waliokusudiwa. Nne, meli za kukokota nyavu za kamba, ambazo Tanzania ilizisimamisha mwaka 2007, zisirudi popote bila fremu ya kumtoa kasa na mtu wa kukagua.

Nyama inayoua

Kuna sababu ya kumwacha kasa isiyohitaji mapenzi kwa wanyama. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Wengine 78 walilazwa hospitali. Novemba 2021, Pemba hiyohiyo ilizika watu saba kwa sababu ileile.

Sumu hii haionekani. Inadhaniwa hutokana na mwani wenye sumu ambao kasa hula, ukajikusanya mwilini mwake bila kumdhuru yeye. Nyama yenye sumu hainuki wala haibadiliki ladha, na kuichemsha hakuiondoi. Haina dawa ya kuipinga: daktari hutibu dalili tu. Watoto hufa haraka zaidi, na mama anayenyonyesha aweza kumpitishia mwanawe katika maziwa. Mtu aweza kula nyama ya kasa mara kumi kwa amani, na mara ya kumi na moja ikazika familia. Ujumbe huu ungepaswa kusikika kila khutba ya Ijumaa na kila mahubiri ya Jumapili pwani nzima, kliniki za mama na mtoto na shuleni, kabla ya msiba mwingine na si baada yake.

Mchanga wa moto na taa za hoteli

Vitisho vingine havina wavu wala kisu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kaskazini mwa Great Barrier Reef, Australia, zaidi ya asilimia 99 ya kasa wadogo ni majike, kwa sababu fukwe wanakoanguliwa zimepata joto. Kizazi kisicho na madume kinaweza kuonekana kinastawi kwa miaka mingi, majike wakipanda fukweni kwa wingi, kisha mayai yakaanza kukosa mbegu. Huo nao ni mfano wa hesabu ndefu: ugonjwa unaingia leo, homa inakuja baada ya miaka 30.

Mchanga wa pwani yetu hatuwezi kuutia barafu, lakini tunaweza kuacha kuufyeka. Vichaka na miti ya asili nyuma ya ufukwe hutia kivuli na kushika mchanga usiliwe na mawimbi. Ukuta wa hoteli uliojengwa mpaka ukingo wa maji humnyima kasa mahali pa kutaga, na taa zake huwageuza watoto wanaoanguliwa wakakimbilia barabarani badala ya baharini. Taa inaweza kuzimwa, kufunikwa au kuelekezwa chini. Ni marekebisho yasiyogharimu kitu ukilinganisha na bei ya chumba kimoja kwa usiku mmoja.

Kuhusu plastiki, nchi zetu zilichukua hatua za kujivunia: Zanzibar ilipiga marufuku mifuko mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya 2017, Tanzania Bara 2019. Mfuko unaoelea unafanana mno na yavuyavu. Marufuku ilifunga chanzo kimoja. Chupa, vipande vya nyavu na kamba za nailoni bado vinakuja na kila mkondo.

Kipimo cha kweli

Tukirudi kwenye habari ya Abu Dhabi, sasa tunaweza kuisoma vizuri. Asilimia 28 ile haikuletwa na juhudi za miaka ya karibuni pekee. Ni mavuno ya watu waliofunga machinjio na masoko katika miaka ya 1960, 1970 na 1980, wengi wao bila kuyaona matokeo. Kasa wanaopanda fukweni leo walianguliwa wakati ule. Vivyo hivyo, kasa tunaowanasa leo ni upungufu ambao haujaanza kuhesabiwa.

Kwa hiyo naomba tubadilishe kipimo. Ripoti zetu hujaa idadi ya watoto walioingia majini, nayo ni idadi nzuri. Lakini karibu nayo iandikwe nyingine: kasa wakubwa wangapi walikutwa wamekufa kwenye nyavu mwaka huu, katika kijiji gani, kwa wavu wa aina gani. Takwimu hiyo haipendezi kuitangaza, lakini ndiyo itakayotuambia kama kasa watakuwapo. Anayeweza kuitoa ni mvuvi peke yake, naye ataitoa siku atakapoamini kuwa hatuji kumkamata bali kutafuta naye wavu mwingine.

Mtoto wa kasa atakayeingia majini Juani msimu huu, akisalimika, atarudi kutaga baada ya miaka 25 hadi 50. Atapita katika jarife la kijana anayejifunza uvuvi leo, kisha jarife la mwana wa kijana huyo. Mara zote hizo mtu atainama juu ya ukingo wa ngalawa alfajiri, aone mapezi yaliyofungwa na jicho linalopepesa, kisu kikiwa mkononi. Kasa atabaki ikiwa kila mara kisu hicho kitakata nyuzi.